Remain in Light Yatimiza Miaka 45: Sikilizeni Besi Hii!

Karibuni tena watazamaji wangu. Hii hapa mkononi ni sahani ya santuri ya Remain in Light, albamu ya Talking Heads, bendi ya roki ya Marekani. Ilitoka Oktoba 1980, kwa hiyo Oktoba 2025 ilitimiza miaka 45. Mambo ya uzito wa sahani na karatasi ya ndani yapo kwenye maelezo hapo chini. Mimi leo nimewaitia besi.

Nashusha sindano upande wa pili, wimbo wa kwanza, "Once in a Lifetime". Msimfuate mwimbaji! Najua David Byrne anavuta, maana ule mtindo kauchukua kwa wahubiri wa redio wa Marekani. Mwacheni kwanza. Shukeni chini, kwa Tina Weymouth, mpiga gitaa la besi wao. Mnamsikia? Noti chache, kimya, noti zilezile. Haya, kiitikio kinaingia... besi imebadilika? Wapi! Ngoja nirudishe sindano. Tena, hapo beti inapokwisha: sauti zinaongezeka, juu kote kunafunguka, dada wa watu yuko palepale. Na kile kimya chake ndicho kinachokutikisa mabega. Kwenye spika ya simu hamtakipata, nawaambieni ukweli. Vaeni hedifoni, rudisheni video nyuma, msikilize upya.

Haya mambo yana asili yake, na asili yenyewe ni Fela Kuti, yule mwanamuziki wa Afrobeat wa Nigeria. Mtayarishaji wao, Brian Eno, alikuwa shabiki mkubwa wa Fela, na ndiye aliyemsikilizisha Byrne. Wakaenda studio ya Compass Point, Nassau, kule Bahamas, wakawa wanapiga kipande kimoja wanakirudia, wanachagua paliponoga, kisha wanarundika magitaa, vinanda na sauti juu yake. Kwa hiyo mtu akiniambia new wave, yaani mtindo huu wa roki wa enzi hizo, haituhusu Waafrika, namwekea upande wa kwanza wote, nyimbo tatu tu, halafu ndiyo tuongee.

Mwezi uleule wa Oktoba 1980, bendi ya Uingereza The Police walitoa albamu yao Zenyatta Mondatta, ikashika namba moja Uingereza. Naipenda, lakini ile ukishaizoea umeimaliza. Hii kila nikiiweka napata gitaa ambalo sikuwahi kulisikia.

Kabla sijasahau, wale mlioomba video ya kusafisha santuri, inakuja. Jiungeni na chaneli ili isiwapite.

Kasoro? "The Overload", wimbo wa mwisho, unajikokota. Ukikatwa sitalia. Ila... ukitoka kwenye "Listening Wind" moja kwa moja, lile giza lake linakaa sawa. Basi, ubaki.

Bei sasa. Sahani yenyewe inavumilika, kinachouma ni usafiri na ushuru mpaka ikufikie. Kama huna kinanda cha santuri, usikinunue kwa ajili ya maadhimisho haya, tafuta hedifoni nzuri kwanza. Na ukipata iliyotumika, kagua mikwaruzo upande wa kwanza, maana huo ndio watu hucheza mpaka uchakae.

Video ijayo naiweka albamu hii sambamba na toleo la mwimbaji Angélique Kidjo wa Benin, la 2018. Yeye aliirekodi albamu nzima upya, na kwenye ngoma yumo Tony Allen, yuleyule aliyempigia Fela! Andikeni hapo chini nianze na wimbo gani. Mimi naona "The Great Curve", lakini wengi wakitaka mwingine, nitaanza na huo.