Persepolis nikiwa katikati ya kitabu cha historia: uzoefu wangu

Nilikuwa nimekwama kwenye kitabu kinene cha historia ya mapinduzi ya Iran, pale ambapo mawaziri wakuu wanabadilika kila baada ya kurasa mbili, nikachukua Persepolis ya Marjane Satrapi ili nipumzishe macho. Nikaimaliza kwa siku mbili. Kupumzika, sikupumzika.

Kwa asiyeijua, ni tawasifu iliyochorwa kwa vibonzo, nyeusi na nyeupe tupu. Ilitoka Ufaransa katika juzuu nne kati ya 2000 na 2003. Mimi nimesoma toleo la Kiingereza lililoziunganisha zote. Satrapi alikuwa mtoto wa miaka tisa mjini Tehran Shah, mfalme wa Iran, alipoondoka nchini Januari 1979, na wa miaka kumi vita na Iraq vilipoanza Septemba 1980.

Kitabu cha historia kilinieleza vizuri kwa nini Shah alianguka: mafuta, mfumuko wa bei, polisi wa siri wa SAVAK, mtandao wa misikiti. Vibonzo havijishughulishi sana na hayo. Vinafungua na wasichana wa shule walioamriwa kuvaa ushungi, na hapohapo wanaugeuza kamba ya kuruka. Mapinduzi yanaingia kupitia uwanja wa kuchezea. Vita navyo vinaingia siku kombora linapoangukia nyumba ya jirani. Msichana anaona bangili ya feruzi ya rafiki yake kwenye kifusi, halafu kisanduku kinachofuata ni cheusi kitupu. Hakuna mchoro. Vita hivyo viliua watu laki kadhaa, na idadi hiyo nilishaisoma bila kushtuka. Kwenye kisanduku kile nilikifunga kitabu kwa muda.

Lakini si kila kitu nilikubali. Agosti 1978 jumba la sinema la Rex lilichomwa moto mjini Abadan, wakafa mamia. Satrapi anachora watu wakiruka kutoka vitini kama vivuli vya moto, na lawama anamtupia Shah moja kwa moja. Kitabu changu cha historia kinasema wengi waliamini hivyo wakati ule, ila ushahidi uliokuja baadaye ulielekea kwa wapinzani wa kidini wa Shah. Mwanzoni nilikasirika, mtu mzima anachora miaka ishirini baadaye, angeweza hata kuweka neno moja pembeni. Kisha nikafikiri tena: imani ile, hata kama ilikosea, ndiyo iliyowatoa watu majumbani. Msomaji wa vibonzo anaamini pamoja nao, jambo ambalo historia haikuniwezesha.

Hata hivyo Art Spiegelman alilifanya hili vizuri zaidi katika Maus, kitabu chake cha vibonzo, anaposimulia maisha ya baba yake katika kambi ya Wanazi ya Auschwitz. Mwana anamwuliza baba kuhusu bendi ya wafungwa iliyokuwa ikipiga muziki langoni. Baba hakumbuki bendi yoyote, anakumbuka kutembea kwa mistari na kelele za walinzi tu. Bendi ilikuwepo, imeandikwa vizuri. Basi Spiegelman anaichora, halafu anachora safu za wafungwa zikipita mbele yake mpaka inafichika, zimebaki ncha za ala kuchungulia juu ya vichwa. Kumbukumbu na nyaraka zimekaa ukurasa mmoja, na baba hajaitwa mwongo. Sijaona kitabu cha historia kinachoweza hilo bila tanbihi ndefu.

Kasoro nyingine ya Persepolis: Satrapi alipelekwa Vienna, Austria, mwaka 1984, kwa hiyo karibu nusu ya vita inapita akiwa Ulaya, na mengi ya mwishoni anayapata kwa kusimuliwa na baba yake baada ya yeye kurudi Tehran. Ukitaka kujua kwa nini mapigano yaliendelea mpaka 1988, wakati Iran ilishaurudisha mji wake wa Khorramshahr kutoka kwa Iraq tangu 1982, hapa hutapata jibu la kutosha. Sehemu za Vienna pia zinalegea, ingawa najua wapo wanaozipenda kuliko zote.

Nyota nne kati ya tano. Kile kinene nacho nimekimalizia, na nilipofika kwenye moto wa Abadan nilirudi kuufungua ule ukurasa wa vivuli, nikaviacha vitabu vyote viwili wazi mezani.