Umechoka kumwagilia ukoka? Cha kununua badala yake, kwa sisi wa Dodoma

Piga hesabu kwanza. Eneo la mita 10 kwa 10, ukilimwagia milimita 5 tu, hizo ni lita 500, yaani madumu 25 ya lita 20, na huku kwetu kuanzia Mei mpaka Novemba mvua hamna, afu mwisho wa siku hizo nyasi hazipikiki. Mi nimeng'oa.

Namba moja kwangu ni marando ya viazi vitamu. Watu wengi wakitoa ukoka wanakimbilia kununua miti, ardhi inabaki wazi jua linaichoma na vumbi lote linaingia sebuleni, wakati marando yanatambaa yanafunika kama kapeti na matembele unachuma kila wiki. Ukienda kununua chukua zile ncha changa, kama sentimita 30, usikubali vipande vya shinani vimekomaa vigumu coz fukusi hutaga mayai huko, na fungu lenye majani yamejikunja au yana mabaka ya njano liache hata kama unapunguziwa. Kiangazi yanataka maji kidogo, mi natumia ya kuoshea mboga na mchele.

Namba mbili mbaazi, hizi weka pembeni ya fensi. Mzizi unazama chini sana ndo maana unaziona za kijani wakati kila kitu kimekauka. Duka la pembejeo uliza inakomaa miezi mingapi, kuna za miezi minne na kuna za tisa, na mvua yetu ni ya msimu mmoja tu kwahiyo mi ningechukua za muda mfupi.

Tatu mlonge, ila nunua mbegu sio mche. Nilishauziwa miche barabarani imekaa kwenye kiriba mpaka mzizi umejizungusha kama waya, yote ilidumaa. Mbegu unafukia sentimita 2 hapo hapo inapokaa, ukifika kiunoni kata kichwa utoe matawi, la sivyo utachuma majani kwa ngazi.

Zabibu naiweka ya nne na najua mtanirushia mawe, Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka kwanini iwe ya nne? Basi ongeza nguzo, waya, dawa ya ukungu na kupogolea, bei ya mche ndo ndogo kuliko vyote hapo. Kama hela ipo sawa, kivuli chake kitamu.

Mchicha na chainizi usiweke kabisa kama lengo ni kuokoa maji.

Kabla ya yote chimbua mizizi ya ukoka yote, ukiacha kipande kinarudi, na manunuzi fanya mwishoni mwa Novemba mvua zikinukia. Mchaichai wa pembeni ya njia hata usinunue, omba shina kwa jirani, halikataliwi.