Siku tatu Tucson, kwenye kuta za udongo na chokaa: uzoefu wangu

Nilizaliwa Lamu. Baba yangu ni mwashi, na mpaka nilipofika miaka ishirini kazi yangu ilikuwa kumchanganyia chokaa. Sasa naishi Phoenix, jimbo la Arizona, nafunga bodi za jipsamu kwenye nyumba mpya zinazofanana zote. Miaka minne niliipita Tucson kwenye barabara kuu ya I-10 bila kusimama, nikidhani jangwani hakuna cha kale zaidi ya mawe. Februari hii nikachukua siku tatu, nikaendesha kilomita 185 hivi kwenda kutazama majengo ya kihistoria yaliyoandikishwa rasmi. Nawaandikia wenzangu mnaoishi huku au mnaopanga kuja, maana mimi mwenyewe sikupata mtu wa kunidokeza.

Anzeni na San Xavier del Bac, kanisa lililo kusini ya mji, nusu saa haifiki kwa gari, ndani ya ardhi ya watu wa Tohono O'odham, wenyeji wa asili wa jangwa hili. Kutoka barabara ya I-19 unaliona mbali, jeupe katikati ya tambarare ya rangi ya kahawia. Watu huliita Njiwa Mweupe wa Jangwani. Padri Eusebio Kino alianzisha misheni hapo mwaka 1692, lakini jengo la leo lilijengwa kati ya 1783 na 1797, watawa Wakatoliki wa Kifransisko wakisimamia na O'odham wakifanya kazi, enzi hizo Arizona ikiwa chini ya Hispania. Ina minara miwili, na wa kulia haukuwahi kupata kuba lake. Wapo wanaosema fedha ziliisha, wapo wanaosimulia habari ya fundi aliyeanguka. Mimi nikiutazama naona kiunzi kilichoshushwa mapema, kazi iliyomsubiri mtu asirudi.

Mimi ni Mwislamu, nikaketi benchi la nyuma kwa adabu, nikainua macho. Nilikaa saa nzima. Paa lote ni makuba ya matofali ya kuchoma yaliyoshikwa kwa chokaa, hakuna boriti hata moja inayobeba dari. Mbao ndefu jangwani ni adimu, basi waashi wakaamua kuezeka kwa tofali. Kuta zina picha za malaika na nakshi nyekundu na buluu, na ile unayodhani ni marumaru ni lipu iliyopakwa rangi kwa ustadi. Upande mmoja kuna sanamu ya mtakatifu aliyelazwa, na watu walipanga foleni kumwinua kichwa na kumbandikia vipande vidogo vya madini vyenye umbo la mkono, mguu au moyo, kila mmoja na haja yake. Bibi mmoja alibaki pale muda mrefu akinong'ona. Sikupiga picha, nanyi msipige watu wakiwa katika ibada. Hili ni kanisa la parokia, misa zinaendelea, na kuingia hakuna ada. Sanduku la michango lipo, litieni chochote.

Lakini kilichonifanya niandike yote haya ni lipu ya nje. Katika karne ya 20 sehemu za kanisa zilipakwa saruji, kwa nia njema kabisa, kwa sababu saruji ni ngumu na watu walidhani ngumu ndiyo bora. Sasa sikilizeni, hili nalijua kwa mikono yangu. Saruji inapasuka nyufa ndogo, mvua inaingia kwenye nyufa, kisha haina njia ya kutoka. Ukuta wa chokaa unavuta unyevu na kuurudisha hewani. Ukiuvisha saruji, maji yanabaki ndani ya tofali, chumvi inapanda, na rangi ya ndani inaanza kububujika na kubanduka. Ndivyo ilivyotokea San Xavier, picha zile za malaika zikawa zinaharibika kwa maji yanayotoka nyuma yake. Mafundi walilazimika kuibandua saruji na kurudisha lipu ya chokaa iliyochanganywa na utomvu wa mpungate, yaani lile dungusi lenye majani bapa kama sahani lililojaa jangwani kote. Utomvu unaifanya chokaa ishike vizuri na isinywe maji ovyo. Picha za ndani nazo zilisafishwa na kukarabatiwa kati ya 1992 na 1997 na wataalamu waliotoka ng'ambo, na vijana wa O'odham wakafundishwa kazi hiyo sambamba nao. Hilo lilinigusa kuliko uzuri wenyewe. Fundi mgeni huondoka. Fundi wa kijijini ndiye anayeuona ufa siku unapoanza.

Nje, chini ya vibanda vya matawi, kina mama wa O'odham wanauza mkate wa kukaanga, mpana kama sinia, laini kama andazi la moto, unatiwa maharage au asali. Bebeni fedha taslimu.

Siku ya pili nilikuwa mjini, mtaa unaoitwa Barrio Viejo. Nyumba ni za matofali mabichi ya udongo, zimeshikana ubavu kwa ubavu, ukuta unaanzia pale pale barabara inapoishia, rangi za kila namna. Mlango ukiwa wazi unaona njia yenye kivuli inayokupeleka mpaka uani, wao huiita zaguán. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa: ni daka la mlangoni na kiwanda, yaani ua wa ndani, tofauti ni jina tu. Na dari! Juu ya magogo wamepanga mbavu za saguaro, ule mdungusi mrefu kama nguzo ambao ukikauka hubaki fito ndefu nyepesi, halafu juu yake udongo. Sisi tuna boriti za mikoko na mawe ya matumbawe. Kila mtu na alichopewa na nchi yake.

Nililipia matembezi ya kuongozwa na kampuni moja ya hapo, na hapa naondoa alama. Kijana aliyetuongoza alikuwa mchangamfu, ila alituambia kwamba nyumba hizi zimo kwenye Daftari la Taifa la Maeneo ya Kihistoria, kwa hiyo kisheria hakuna anayeweza kuzigusa. Si kweli, na ni kosa la hatari kwa sababu anayeliamini atalala. Daftari hilo lilianzishwa na sheria ya 1966. Linazitaka idara za serikali kuu zifikirie athari kabla hazijatumia fedha au kutoa kibali, na linafungua mlango wa nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya gharama za ukarabati kwa majengo ya biashara. Mwenye nyumba anayetumia fedha zake mwenyewe, daftari peke yake halimzuii kubomoa. Vizuizi vya kweli, pale vilipo, hutoka kwenye sheria za mji.

Wala hakutuambia lililotokea hapo hapo tuliposimama. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mji wenyewe ulibomoa ekari 80 hivi za mitaa hii, makazi ya Wamexico, Wachina, weusi na O'odham, ili kujenga ukumbi mkubwa wa mikutano. Kilichobaki kingekatwa na barabara kuu mpya. Wakazi wakashika mahali padogo panapoitwa El Tiradito, ukuta wa udongo uliobomoka nusu ambapo watu huwasha mishumaa kumkumbuka mtu aliyeuawa kwa sababu ya mapenzi na kuzikwa hapo hapo. Mwaka 1971 wakafaulu kupaandikisha kwenye daftari, na kwa kuwa barabara ilitegemea fedha za serikali kuu, mpango ukakwama. Nilirudi peke yangu jioni. Mishumaa ilikuwa inawaka, nta imeganda chini tabaka juu ya tabaka. Nendeni saa hiyo, si mchana.

Kuhusu malazi nitasema kifupi. Nilipanga chumba katika nyumba ya kale ya udongo, kitanda kizuri, mwenyeji mkarimu. Ila ndani kuta zilipigwa lipu ya saruji, na karibu na sakafu nilikuta unga mweupe wa chumvi na harufu ya ukungu. Nilimwambia mwenyeji polepole, nikamwonyesha kwa ukucha jinsi udongo ulivyolainika nyuma ya lipu. Alisema ndivyo fundi alivyomshauri. Kabla hamjalipia nyumba za namna hii, ulizeni kuta zimepakwa nini.

Siku ya tatu, nikirudi, nilipinda mji wa Coolidge kuona Casa Grande, jumba la ghorofa nne lililojengwa na watu wa kale wa jangwa hili kwenye miaka ya 1300, kwa udongo wenye chokaa ya asili. Mwaka 1892 likawa eneo la kwanza la kale kuhifadhiwa na serikali ya Marekani. Tangu 1932 limesimama chini ya paa kubwa la chuma kama mwavuli. Haliingiliki, unalizunguka tu, lakini alama za mikono ya waliobandika tabaka kwa tabaka unaziona waziwazi.

Njooni kati ya Novemba na Machi, kiangazi joto hupita nyuzi 40 na hutafurahia chochote. San Xavier naipa tano kati ya tano, Barrio Viejo tano ukitembea mwenyewe, matembezi ya kulipia mbili.

Usiku nilimpigia baba nikampelekea picha za kanisa. Akazitazama kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, chokaa hiyo wameitia nini?" Nikamwambia utomvu wa mpungate. Akanyamaza kidogo. "Upo hapa, nyuma ya kwa mjomba wako," akasema. "Kesho nitakata mmoja nijaribu."