Maonyesho ya mapishi kwenye tamasha la EPCOT: lipi ulilipie, lipi ulipite

Kila msimu wa tamasha malalamiko ya wanaotoka Florida huwa yale yale: tulilipia kiti, mpishi alichekesha, sahani ikaja imepoa, na tulipojaribu nyumbani hatukupata hata nusu ya tulichokiona. Lawama anabebeshwa mpishi, na mara nyingi anaonewa. Tatizo ni chakula kilichopangiwa onyesho lenyewe, na hilo unaweza kulijua kabla hujatoa hata senti.

Hapa tunazungumzia tamasha la vyakula na mvinyo la EPCOT, bustani ya Disney iliyofunguliwa Oktoba 1982 karibu na Orlando. Habari za maegesho, foleni na mvua za mchana zimeandikwa mpaka zimechosha, kwa hiyo sizigusi. Umaarufu wa mpishi pia siupimi. Ninapima mambo mawili tu: je, chakula kinaanzia mbichi na kuivia mbele yako? Na je, unachopewa kula kimetoka kwenye sufuria hiyo hiyo?

Sufuria ya chini ya meza

Onyesho la kawaida ni kama dakika 45. Toa za kukaribishana, toa za kumsifu mdhamini, toa za kugawa sahani. Za kupika zinabaki kama 25. Sasa angalia ni nini kinaweza kuenea humo. Vitunguu vya kukaangwa taratibu mpaka viwe kahawia vinataka dakika 35 hadi 45 peke yake. Nyama ngumu ya kuiva kwa moto mdogo inakula saa mbili au tatu. Unga wa mkate unataka saa nzima au zaidi kuumuka mara ya kwanza tu. Basi mpishi anafanya wanachofanya wote: anatia vitunguu vibichi, anakoroga mara mbili tatu, anainama, na anaibuka na sufuria nyingine ambayo vitunguu vyake vimeshaiva. Watu wanapiga makofi.

Pesa yako imeishia hapo. Anayepika pilau anajua kwamba rangi yote inaamuliwa kwenye vitunguu, na kwamba kutoka kahawia nzuri hadi uchungu wa kuungua ni muda mfupi mno. Kitunguu kibichi kila mtu anakijua, na kilichoiva pia. Anayejifunza anataka kuona pale maji yanapokauka na sauti ya sufuria inapobadilika, pale moto unapopunguzwa, na kiasi cha maji kinachonyunyizwa ili kilichoshika chini kiachie. Yote hayo yalimalizika asubuhi jikoni nyuma, bila shahidi.

Tena kuna sahani unayoletewa. Ukumbi una makumi ya watu, na sufuria ya mpishi inatosha watu wanne. Vya kuonja vinapikwa nyuma na kuwekwa kwenye kabati la joto. Kanuni za usalama wa chakula za Marekani zinataka chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 57 za Selsiasi. Mchuzi mzito unavumilia kabati hilo vizuri kabisa. Risoto, ule wali laini wa Kiitaliano, baada ya dakika 20 humo inakuwa bonge. Samaki aliyebanikwa anaendelea kuiva mpaka anakauka. Kilichokaangwa kikawa kikavu kinalainika kwa mvuke wake mwenyewe.

Mtego umekaa hivyo. Chakula kinachowahi kuiva mbele yako ndicho kinachoharibika kabatini, na kinachovumilia kabati ndicho kisichoweza kuiva mbele yako. Ni vichache vinavyopita pande zote mbili, na ndivyo vinavyoamua mpangilio ufuatao.

Wa kwanza: Teppan Edo

Sifichi upendeleo wangu. Onyesho bora la mapishi ndani ya EPCOT haliko hata kwenye ratiba ya tamasha. Ni mgahawa wa Teppan Edo katika banda la Japani, moja ya mabanda ya nchi mbalimbali ndani ya bustani hiyo. Mnakaa hadi watu wanane kuzunguka bamba la chuma, mpishi anafika na vitu vibichi, na kila kipande unachokula umekiona tangu kilipogusa moto. Hakuna sufuria ya chini ya meza.

Ukikaa pale, acha vichekesho vya mnara wa vitunguu na uangalie anavyogawa bamba: sehemu moja ni ya moto mkali, nyingine ya kutunzia tu. Mboga zinaanza na kusogezwa pembeni. Nyama inawekwa katikati na haiguswi mpaka iachie yenyewe. Wengi nyumbani hukosea hapo, wanaigeuzageuza kabla haijapata rangi. Angalia pia jinsi anavyoipumzisha kabla ya kuikata, na kwamba sosi ya soya inakuja mwishoni kwa sababu ikitangulia sukari yake inaungua. Swali lolote linajibiwa pale pale, uso kwa uso.

Bei inauma: sahani moja huvuka dola 30 bila kodi wala bahashishi. Lakini ni mlo kamili. Nafasi zinafunguliwa siku 60 kabla, na za jioni huisha mapema, kwa hiyo chukua ya mchana. Kama hata hiyo imejaa, nenda Via Napoli, banda la Italia, ukaangalie oveni tatu za kuni zilizopewa majina ya milima ya volkano: Etna, Stromboli na Vesuvio. Utaona piza ikiingia mbichi na kutoka imeiva, na hakuna anayekutoza kwa kuangalia.

Wa pili: onyesho la kulipia la chakula baridi

Kwenye maonyesho yenyewe ya tamasha, lipia chakula kinachokamilika haraka na kuliwa baridi au vuguvugu. Ricotta, jibini laini la Kiitaliano, ni mfano mzuri sana. Lita 2 za maziwa zinapashwa moto hadi nyuzi 85 au 90, zinatiwa siki au maji ya limau kama mililita 60, zinaachwa dakika 10 bila kukorogwa, halafu zinachujwa kwa kitambaa dakika 15 hadi 20. Unatoka na takriban gramu 350 za jibini, na umeona kila hatua, pamoja na kosa la kawaida: kukoroga sana baada ya kutia siki, kunakovunja mabonge yakawa mchanga.

Samaki mbichi wa kulowekwa ndimu kwa mtindo wa Peru naye anafaa. Ila muulize mpishi samaki wake aligandishwa vipi, kwa sababu ndimu haiui minyoo. Kwa friji ya nyumbani ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Asiyeligusa hilo jambo anakuuzia nusu ya somo.

Mayonezi ya mkono pia iko humu: kiini kimoja kinabeba mililita 200 za mafuta bila shida, na ikikatika anaweza kuiokoa mbele yenu kwa kiini kipya. Chokoleti nyeusi ni nzuri kuliko zote endapo ukumbi una kiyoyozi. Inayeyushwa hadi nyuzi 45 au 50, inashushwa hadi 27 au 28, inarudishwa 31 au 32, halafu unaionja inavyovunjika kwa mlio. Ikiwa onyesho liko chini ya hema nje, pita. Kwa joto la Orlando la mwezi wa tisa chokoleti haigandi, na utasikiliza visingizio dakika 45.

Wa tatu: risoto na sosi za moto

Lipia kama unataka kujifunza, na ule kabla hujaingia. Risoto ya watu wanne ni gramu 300 za mchele, lita moja ya supu na dakika 18, kwa hiyo inaenea. Sosi ya hollandaise, ya viini vya mayai na siagi, pia: viini vinaanza kuwa vizito kwenye nyuzi 60 hadi 65, na vikipita 70 unapata mayai ya kuvuruga. Hayo kuyaona kwa macho kunazidi kuyasoma. Sahani utakayoletewa ni ya kabatini, usiihukumu.

Wa nne: michuzi, nyama za saa nyingi, mikate

Sahani tamu, somo hakuna. Ukitaka kula tu, vibanda vya tamasha vilivyozunguka ziwa la World Showcase, eneo la mabanda ya nchi, vinauza sahani ndogo, nyingi kati ya dola 5 na 10. Kwa bei ya kiti utakula mbili na kuendelea na safari yako.

Onyesho la mpishi nyota wa televisheni ndilo linalofuata kwenye mpangilio huu. Utapata picha.

Maonyesho ya bure hufanywa kwa ajili ya kuuza kitu, mara nyingi kikaango. Yai linateleza kwa sababu kikaango ni kipya na kimepakwa siagi. Kikaango hicho kiulizie baada ya miezi sita. Busch Gardens ya Tampa, ile yenye stesheni ya treni iitwayo Nairobi, na SeaWorld Orlando nazo zina matamasha ya chakula. Ukiwa na tiketi yao tayari, onja vibandani.

Meza, umeme na kiti

Tazama jiko kabla ya onyesho kuanza. Likiwa la umeme la kubebeka, lililochomekwa kwenye soketi ya kawaida ya Marekani ya volti 120 na ampea 15, nguvu yake haizidi wati 1,800. Hapo nyama ikijazwa kwenye kikaango inatoa maji na kuchemka badala ya kupata rangi, na wali wa kukaanga wa Kichina hauwezi kupata moshi wake. Mpishi anayejua atapika vipande vitatu vinne kwa zamu. Asiyejua atawaambia "mnaona rangi hiyo?" na hakuna rangi.

Usikimbilie mstari wa mbele. Ukingo wa meza unakuficha sufuria. Mstari wa tatu hadi wa tano, ukielekea kioo kilichoinamishwa juu ya meza, ndiko unakoona ndani. Kama badala ya kioo kuna kamera na skrini, ombea isiwe siku ya kuchemsha tambi, maana mvuke unaziba lenzi na wahudumu huchelewa kuipangusa.

Bei, na chumvi

Mwaka 1982 tiketi ya siku nzima ya EPCOT ilikuwa dola 15. Kabla ya 2020 kiti kimoja cha onyesho kilikuwa kikiuzwa karibu bei hiyo hiyo, juu ya tiketi ya kuingilia. Tiketi yenyewe sasa huvuka dola 150 siku za watu wengi. Mwaka 2020 tamasha lilifanyika bila maonyesho hayo kabisa, na tangu hapo yasichukuliwe kuwa lazima yapo: fungua ratiba ya mwaka wako kwanza. Kinachoudhi zaidi ya bei ni tangazo linalotaja jina la mpishi na mvinyo wa kuonja, huku chakula chenyewe hakitajwi. Huo mvinyo ni mafunda machache, na mwenye umri chini ya miaka 21 hapewi. Usilipie onyesho lisilotaja chakula. Piga simu uulize, na uulize pia kama wanaonunua kiti wanaruhusiwa kubadilisha siku. Mwaka 2019 tamasha lilidumu siku 87, kwa hiyo Jumanne za kutulia hazikuwa haba. Anayekuuzia Jumamosi kwa madai kwamba ndiyo pekee iliyobaki anakuharakisha.

Karatasi ya mapishi utakayopewa imeandikwa kwa Kimarekani: nyuzi 350 za Fahrenheit za oveni ni 177 za Selsiasi, na kikombe ni mililita 240. Hayo ni rahisi. Chumvi ndiyo inayoharibu chakula. Wapishi wengi wa Marekani wanatumia chumvi ya chenga ya chapa ya Diamond Crystal, ambayo kijiko kimoja cha chakula kina gramu 8 hadi 10. Ya chenga ya chapa ya Morton ina kama 15, na chumvi yetu laini ya mezani inafika 18. Ukifuata karatasi kwa kijiko kile kile umetia chumvi maradufu. Kabla hujaondoka ukumbini mwulize mpishi ametumia ipi, na uandike gramu pembeni ya karatasi.