TAHADHARI: Duka la Kisumu "lilinibadilishia" pampu ya diseli, kumbe nimeuziwa yangu mwenyewe

Ndugu zangu wenye maboti, hasa nyinyi wa injini za ndani, someni hii kabla hamjafungua nati hata moja ya pampu. Kuna duka la spea za diseli hapa Kisumu, upande wa Kibuye, linalopokea pampu yako "mbovu" na pesa juu, kisha linakupa nyingine "iliyotengenezwa upya". Mimi nilitoa shilingi 45,000 na nikarudishiwa pampu ile ile niliyoipeleka, imepakwa rangi ya fedha. Watu huonywa kuhusu mbuzi kwenye gunia. Mimi niliuziwa mbuzi wangu.

Boti yangu hubeba abiria na mizigo kati ya Kisumu na Kendu Bay, ng'ambo ya ghuba ya Ziwa Victoria. Injini ni ya diseli, silinda nne, na haikuwa imenisumbua. Magugumaji yalipofunga ghuba ikalala ufukweni Dunga, hapa Kisumu, wiki tatu. Upepo ulipoyasukuma nikarudi kazini, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Asubuhi inawaka kwa mguso mmoja wa stata, inakwenda vizuri dakika kama arobaini, halafu inaanza kumisi. Mlio unakatika, boti nzima inatetemeka mpaka mbao za chini zinagongana, nguvu zinashuka, inazima. Ukiiacha robo saa, inawaka tena kwa mguso, ingali moto, kama vile hakukuwa na neno. Nilibadilisha filta mara mbili, wapi. Kuna jambo moja nililiona na sikulitia maanani: siku niliyojaza tanki mpaka shingoni ndiyo siku iliyozima mapema kuliko zote.

Fundi mmoja anayezungukazunguka ufukweni akaisikiliza kwa muda wa kumaliza sigara. "Jaduong', pampu imekwisha hii. Umeuziwa diseli iliyochanganywa na mafuta taa." Nikamwamini, kwa sababu uongo wake ulikuwa umevaa nguo za ukweli. Sote tunajua mchezo huo ulivyokuwa, hadi serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka 2018 ili kuukomesha. Na ni kweli mafuta taa hayalainishi vyuma vya pampu kama diseli. Lakini pampu iliyolika kwa ndani kwa kawaida husumbua kuwaka, hasa injini ikiwa moto. Yangu ilikuwa inawaka kwa mguso! Hilo nalo sikuliuliza.

Ni yeye aliyenipeleka kwenye lile duka. Mpya, wakasema, ni 120,000. Ya kubadilishana 45,000, na yangu nawaachia. Shukuru Mungu, mpwa wangu ndiye aliyeing'oa, na kabla ya kuilegeza alipiga mstari wa patasi kuanzia kwenye sikio la pampu, pale inapofungwa kwenye injini, hadi kwenye mwili wa injini, ili wakati wa kurudisha majira ya kupiga mafuta yasihame. Kila fundi wa diseli mwenye akili hufanya hivyo.

Baada ya siku mbili fundi wao akaja na pampu inayong'aa, akaifunga mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Akawasha. Dakika kumi tukiwa tumefungwa gatini, injini inaimba. Nikalipa kwa M-Pesa, nambari ya mtu binafsi, si ya duka, na jina lililotokea kwenye ujumbe si la yeyote niliyezungumza naye. Risiti imeandikwa "spea 45,000" na hakuna zaidi. Ndiyo, najua. Msinicheke sana.

Kesho yake, dakika ya arobaini, katikati ya ghuba na abiria kumi na mmoja, ikaanza kutetemeka vile vile.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja abiria, aliyewahi kuendesha maboti ya kukusanya samaki. Hakugusa injini. Alikwenda nyuma akafungua kifuniko cha tanki, na sote tukasikia hewa ikivutwa ndani: fyuuu! Injini ikawaka, tukaenda na kifuniko kimelegezwa mpaka Kendu Bay bila hata kukohoa. Tulipofika tukachomeka waya kwenye kibomba cha kupumulia cha tanki. Ukatoka udongo mkavu. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba humo katika zile wiki tatu. Injini inavuta mafuta, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, mwisho pampu inavuta utupu. Na tanki likijaa, nafasi ya hewa ni ndogo, kwa hiyo inakabwa upesi. Ndiyo sababu dakika kumi za gatini hazingeonyesha lolote, na nadhani yule fundi alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

Usiku huo mpwa wangu akakwangua rangi kwenye sikio la pampu. Chini ya rangi kulikuwa na mstari wa patasi, na umeendelea moja kwa moja hadi kwenye mwili wa injini, haujakatika hata upana wa unywele. Kibati cha namba kimeng'olewa, matundu yake ya ribiti yamezibwa na kupakwa rangi. Nilipowarudia wakasema pampu zote hufanana. Pampu hufanana, sawa, lakini mkono wa mpwa wangu?

Kwa hiyo, injini yako ikianza hivi, legeza kifuniko cha tanki kwanza, uende nacho hivyo saa nzima. Ni bure. Kisha mwaga kikombe cha chini ya filta kwenye chupa angavu: maji hukaa chini, diseli juu. Weka kipande cha mpira angavu wa kupitisha mafuta kabla ya pampu utazame kama viputo vinapita. Vikipita, tafuta kilipu iliyolegea au mpira uliopasuka, kisha utoe hewa. Kama mtetemeko upo tangu unapowasha, injini ikiwa mlio wa chini legeza nati za injekta moja moja, nyingi ni spana ya 17. Ile ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki, silinda hiyo ndiyo haifanyi kazi. Funika nati na kitambaa na usiweke kidole karibu, diseli ya pale hupenya ngozi. Moshi mweusi na boti nzito? Chungulia propela, huenda umebeba magugumaji.

Na kama lazima pampu itoke, ipige picha pamoja na kibati, weka alama yako mahali pasipoonekana, na risiti iandikwe namba ya ile unayopewa. Wakikataa kuiandika, beba pampu yako uondoke.

Mimi naenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi milioni moja na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Picha za mstari ninazo. Kama nawe ulibadilishiwa pampu upande huo na ikaja na rangi ya fedha, kwangua sikio lake uangalie, kisha unitafute Dunga. Tukiwa wawili kesi itakuwa na uzito.