Kisafisha hewa cha kwenye dakti: kabla hujalipa, pima mlango wake

Kisafisha hewa cha kiwandani kwetu nimekilipia mara mbili. Kwanza nililipa bei yake, kisha nikamlipa fundi akate bati la dakti, lile bomba la kupitishia hewa, ili atoe filta iliyokwama ndani.

Tunatengeneza unga wa lishe hapa Nyakato, Mwanza: mahindi, soya, karanga na dagaa wa soko la Mwaloni. Unga wa dagaa una mafuta, ukitua mahali haupeperuki, unaganda. Haikupita miezi miwili feni ikaanza kulia. Fundi akapanda ngazi, akafungua mlango wa kile chombo. Ukaenda kiganja kimoja ukagonga nguzo. Filta ina upana wa milimita 592, nafasi iliyobaki haifiki sentimita 20. Akaingiza mkono mpaka begani, akautoa mweupe mtupu. "Mama, hii wameizika humu."

Kwa hiyo leo sikuelezi habari za ukubwa wa feni, hizo kila muuzaji atakuimbia. Mimi nauliza mlango. Unafungukia upande gani? Filta inavutwa kando au lazima inyanyuliwe? Acha angalau sentimita 70 wazi upande huo, na mahali pa fundi kusimama, maana filta iliyojaa ni nzito na inamwaga. Ukishafunga mlango, angalia mpira wake na kibano kinachokandamiza fremu ya filta. Hewa ni mvivu: ikipata upenyo wa kidole pembeni, itapita hapo na vumbi lake, halafu utasifu filta kwamba haichafuki. Na chombo kikae kabla ya feni, feni nayo ibaki safi.

Ya kwanza kwangu ni Camfil, na sifichi mapenzi. Ni Waswidi, wako kwenye filta tangu 1963. Chukua filta yao ya mifuko, Hi-Flo, ya daraja la ePM1 50% au zaidi, yaani inanasa angalau nusu ya chembe ndogo kabisa za vumbi (mafundi wa zamani bado wanaiita F7), pamoja na kasha linalofunguka ubavuni. Mbele yake weka filta nyepesi ya G4, ya kunasa taka kubwa. Huku kwetu hiyo si hiari: wale wadudu wa ziwani wakipanda kama moshi, usiku mmoja wanatandika zulia kwenye mdomo wa kuingizia hewa. Bora wafie kwenye filta ya bei ndogo. Funga na geji ya presha, ubadilishe filta kwa kusoma Paskali (kipimo cha presha, hupanda filta ikijaa), si kwa kusubiri feni ilie.

Ya pili ni Donaldson Torit, yenye filta za mitungi zinazojipuliza kwa hewa ya kompresa. Kwa vumbi jingi la mbao au nafaka kavu ni chombo cha maana. Kwa dagaa nasita: mafuta yakishaganda, kupuliza hakusaidii, na kompresa ikileta maji unapata uji.

Visafisha hewa vya sahani za umeme, vinavyonasa vumbi kwa chaji, vinafaa moshi wa kuchomelea. Kwenye unga hapana, kabisa. Vumbi la unga likitanda hewani linaweza kulipuka, na zile sahani huwa zinapiga cheche. Aliyeniuzia cha kwanza alitaka kuniongezea hicho "kama ofa".

Makasha ya mtaani yenye sponji ndani: yanazuia nzi.

Sasa wauzaji. Bei za ndani zinatakiwa ziwe za shilingi, lakini bado unatumiwa nukuu ya dola, na chini kwa maandishi ya sisimizi: usafiri hadi Mwanza juu ya mteja. Ukiuliza filta za akiba, "zipo, dada". Ukitaka kulipia mbili leo, "tunaagiza, wiki nane". Ukiuliza filta ikiwa safi ina ukinzani wa Paskali ngapi, simu inakata mtandao ghafla, mtandao uliokuwa mzima wakati wa kutaja bei.

Safari hii nimegoma kutoa hata shilingi kabla ya kupata mchoro wenye vipimo, mlango ukiwa umechorwa wazi. Wa kwanza alinitumia picha ya boksi. Wa pili akaniuliza mlango wa nini, si filta ni ya kudumu? Wa tatu alileta mchoro kamili jioni ileile, nikashuka na chaki nikauchora sakafuni, fundi akasimama katikati akazungusha mikono. Oda nimempa huyo, ingawa bei yake ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote.