Urojo wa ndimu ya unga Forodhani

Juzijuzi nimekula urojo mbovu Forodhani, pale bustanini Mji Mkongwe, Unguja, panapouzwa vyakula jioni, na hasira bado sijaimeza. Kibanda sikitaji. Anayejua urojo atakitambua kwa kijiko cha kwanza.

Urojo ni mchuzi; bajia, kachori, chatne na mengine yote ni ya kutumbukizia. Unga wa ngano unakorogwa kwanza kwenye maji baridi mpaka usibaki na donge hata moja, ndipo unamiminwa kidogo kidogo kwenye sufuria inayochemka yenye manjano, chumvi na embe mbichi, na mwiko usipumzike. Kisha moto unapunguzwa, utokote taratibu mpaka harufu ya unga itoke kabisa. Uzito wake ni wa uji mwepesi: ukichota kwa upawa unashika kidogo halafu unateleza. Ukali unatoka kwenye embe. Ndimu inakuja mwisho, kurekebisha tu.

Niliopewa mimi ulikuwa na vidonge vya unga, ukubwa wa punje ya mchele, ukivitafuna vinapasuka na ndani unga mkavu. Hapo hamna siri: unga umetupwa mkavu kwenye maji ya moto, nje ukaiva ukajifunga, ndani ukabaki mbichi. Ukali nao ulichoma ncha ya ulimi mara moja ukapotea, bila harufu ya tunda lolote. Hiyo ni ndimu ya unga, ule unga mkali wa dukani unaotiwa badala ya ndimu, sina shaka. Na rangi ilikuwa kali ya kuumiza macho lakini manjano yenyewe hayasikiki, si puani wala mdomoni. Embe zikiadimika, ukwaju upo. Ndimu zenyewe zipo sokoni Darajani, mwendo wa kutembea kwa miguu.

Nikamwambia muuzaji kwa upole, "Kaka, huu haujaiva, unga unasikika." Hata uso hakuinua. Anamkatia mteja mwingine kachori, akanijibu, "Yakhe, kula tu. Wageni wanakula kila siku na hawasemi kitu."

Hawasemi kitu! Mgeni atasema nini na ndiyo mara yake ya kwanza kuuonja? Anadhani ndivyo ulivyo, analipa, anashukuru, anakwenda kwao kuhadithia kwamba chakula cha Unguja ni uji mchachu. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, ukitaka kubadilisha mlango wako tu lazima uombe ruhusa. Sufuria ya urojo haina wa kuilinda isipokuwa huyo anayeikoroga, na huyo ndiye anayesema kula tu. Mashapo ya unga niliyaona chini ya bakuli lake, na yeye anayaona kila siku anapoosha.

Chatne ya nazi ilikuwa imechacha, nayo haina udhuru. Nazi mbichi iliyokunwa na kusagwa na pilipili, kitunguu thomu na ndimu haivumilii joto. Ikikaa wazi pembeni ya jiko tangu alasiri, kufika Isha imeshaanza utelezi. Anayejua kazi anaweka kidogo mezani, nyingine anaifunika kwenye barafu.

Ila haki yake nimpe, bajia zilikuwa nzuri. Nzuri kweli. Zimekaangwa pale pale, ukiibonyeza inavunjika nje na ndani laini, na kidole hakitoki na mafuta. Kachori nayo ilikuwa na ndimu na pilipili ndani ya kiazi chenyewe, ganda lake la unga wa dengu halikubanduka mchuzini. Mtu anayeweza kukaanga hivyo hashindwi kukoroga unga. Ndiyo maana naudhika zaidi: anaweza, hataki.

Nilitaka kuandika kwamba Forodhani isiendwe tena. Sitaandika hivyo, maana si haki. Juisi ya miwa bado ni juisi ya miwa, mradi uone miwa inapita mashineni na ndimu na tangawizi ndani yake. Usikubali ya kwenye ndoo. Pizza ya Zanzibar nayo inalika ukimwambia mpishi apunguze moto. Moto ukiwa mkali chapati inaungua na yai katikati linabaki maji. Kwa pweza fungua macho: ameshachemshwa kabla, makaa ni ya kumpasha tu, na akipashwa mara ya pili na ya tatu anakuwa mpira. Ncha zikiwa zimekauka na kujikunja, mwache. Bei iulizwe kabla mshikaki haujagusa makaa, mmoja mmoja, usikubali kuambiwa "tutahesabu baadaye".

Ukitaka kushiba bila mabishano, nenda mgahawa wa Lukmaan pale Mkunazini, kwenye mbuyu. Vyakula vimepangwa mbele yako, unaonyesha kwa kidole, huhitaji kuamini maneno ya mtu. Mimi huomba mchuzi wa nazi kwenye sahani ya pembeni ili wali usilowe kabla sijakaa. Kahawa chungu baadaye, kijiweni Jaws Corner, kwenye baraza, na kashata.

Kwa urojo wenyewe, fuata wale kina mama wanaopikia vichochoroni, alasiri, mlangoni kwao. Angalia kitu kimoja kabla hujaagiza: pembeni ya jiko pawe na maganda ya embe au ya ndimu. Halafu sema, "Mama, nionjeshe mchuzi kwanza." Anayejiamini atakumiminia kiganjani bila neno. Omba bajia zitiwe mwisho, juu ya mchuzi, la sivyo zikifika mezani zimeshakuwa tope.

Nilipoondoka Forodhani nilisema sirudi. Bajia zile zitanirudisha, najijua. Lakini nitazila kavu, kwa chumvi na pilipili, na huo upawa wake auache humo humo sufuriani mpaka siku nitakapoona kokwa la embe chini ya meza yake.